Nilidhani Anaigiza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sare uliyonitumia inanitosha, na vipele vya tetekuwanga vya mdogo wangu vimekauka.

Lakini kuna jambo nilikuficha kwenye simu. Wiki iliyopita alianza kuyumba akitembea. Nilidhani anaigiza, nikamwambia, "Hebu rudia, mlevi wangu!" Siku mbili nzima nilicheka na kumpigia makofi, mpaka Bibi alipomwona akampeleka hospitali. Daktari alisema tetekuwanga imemgusa ubongo, ila watoto wengi hupona.

Jana alitembea hatua mbili bila kushikwa. Leo zilikuwa nne, kisha akaanguka. Akaniuliza, "Dada, mbona hucheki?"

Nikamnyanyua, tukaanza tena.

Nisamehe, Mama.

Mwanao mkubwa