Niliwaambia Nimeokoka

Jumamosi, jioni

Moshi wa mbuzi unafika mpaka hapa kwangu. Marafiki zangu wanachoma kwa Kibet, na hakuna aliyenipigia simu.

Siwalaumu. Ni mimi niliwaambia nimeokoka. Daktari kule Litein alisema ni gauti, ule ugonjwa wa kuvimba viungo, niache pombe na nipunguze nyama, nikaona aibu. Miaka ishirini na saba, na ugonjwa wa wazee wenye pesa! Wokovu ulikuwa rahisi kueleza. Mtu ameokoka, nani atamlazimisha kunywa?

Leo kidole gumba cha mguu kimevimba tena, gambuti ya shambani ikakataa kuingia. Nimechuna majani chai nikiwa nimevaa patipati ya wazi mguu huo mmoja. Jirani akauliza, nikasema nimejigonga kwa jiwe.

Halafu Mama akaniletea uji, akaketi kitandani. "Mungu amenirudishia kijana wangu," akasema, akilia. Nilitaka kumwambia. Nikanywa uji.

Kesho amenipangia nitoe ushuhuda mbele ya kanisa lote. Watu wote hao watanifurahia, na hakuna hata mmoja anajua naumwa.

Nimejaribu viatu vya kanisa. Cha kulia hakiingii.