Mama Bahati Njo Alinisomea Barua Yako

Dzaleka

Déo,

We ni mupumbafu, na mi niliyekulea nakupita upumbafu. Ju una jina ya babu yako, nilizoea kukuita bwana yangu mbele ya bantu. Leo sikuiti vile. Kama uko muzima, sawa. Mi ningali napumua.

Barua yako ilifika. Uliandika français yote, unionyeshe vile shule ya polisi imekusomesha. Unajua niliishia darasa ya tatu, kiswahili tu. Nikaipeleka kwa jirani yangu Mama Bahati, mushonaji mwenye kusomea bantu barua hapa mu camp. Akasoma muzuri: mbio za asubuhi, sheria, bunduki, vile kile kiwanja cha shule yenu kilikuwa cha bazungu, kisha cha bagendarme ba Zaïre, sasa ni chenu. Mi nakaa pale, kichwa juu, mujukuu wangu amekuwa muntu.

Kisha ukaandika juu ya ile batême, ubatizo wa kupokea banafunzi bapya. Eti ninyi bakubwa munatambalisha bapya juu ya mawe, matofali ku mugongo. Eti mumoja alivaa suruali yenye mama yake alishona Malawi, mukamucheka, we ukapanda juu ya matofali yake, na tangu siku ile yuko ku kitanda ya dispensaire, miguu haisikii kitu. Mi nilicheka, Déo. Nikamwambia, endelea kusoma.

Mama Bahati akasema, "Hii suruali ni mi nilishona."

Akasoma paka mwisho, na salamu zako zote. Akaikunja muzuri, akanirudishia.

Babu yako naye, akiingia ugendarme, walimubatiza mu kile kiwanja. Akirudi nyumbani ananipigisha magoti juu ya changarawe, eti ni exercice. Sikukwambia, nilitaka umupende. Nilikosa.

Juzi Mama Bahati alienda Lilongwe, ku Area 36, akauza machine yake ya kushona. Leo asubuhi alipanda kabaza, kinga ya kubeba bantu, paka ku barabara kubwa. Hakuniaga. Anakuja kule kwenu.

Salimia mama yako, na baba yako mudogo mwenye moulin ya kusaga unga. Hii barua usibasomee, bape basome benyewe.

Ni mi tate yako, mama ya baba yako.

Sasa sikia. Utamungojea Mama Bahati ku parking ya bus, bila uniforme. Umufikishe ku kitanda ya mutoto wake, na mukubwa wa shule akiwa pale useme na kinywa chako nani alipanda juu ya matofali. Kisha ubakie, umuoshe huyo mutoto kila siku, paka mama yake akwambie toka.