Skuta Yako na Goti Langu

Chanji,
Sumbawanga.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Eustaki,

Hujambo wewe na wifi yangu Lydia? Kile kifua chako kimepona? Huku tupo. Baridi imetukamata na upepo hauna huruma, ila ulezi tumeshavuna. Goti langu ni lile lile.

Nakuandikia nikiwa nimechoka, na kwa aibu. Ile skuta ya umeme uliyonitumia mwaka jana ili niwe naenda Pito kumwona mama ilikufa. Kwenye simu nilikudanganya kwamba naiendesha. Ukweli ni kwamba niliifunika kitenge sebuleni isichakae, nikaitoa Krismasi na Pasaka basi. Kwa mama nilikuwa naenda na bodaboda, mara moja moja. Mwezi uliopita nikaiwasha, ikakaa kimya.

Nilipiga simu huko dukani Dar ulikoinunua. Dada aliyepokea akauliza tarehe ya risiti, akasema waranti iliisha Aprili, akanitakia siku njema.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Fundi pikipiki alitafuta kabureta nusu saa nzima. Wa pili aliifungua, akashindwa kuifunga, nikarudi nyumbani na skrubu zimefungwa kwenye leso. Kila safari naisukuma mwenyewe, na goti hili.

Mwishowe nikaelekezwa kwa Hamidi, fundi wa simu na sola. Akapima, akatikisa kichwa.

“Mama, betri imekufa kwa kukaa bila chaji. Ungeiendesha kila siku, leo ingekuwa nzima.”

Niliumia sana. Nilidhani naitunza, kumbe naiua.

Betri mpya huku hakuna. Hamidi alitoa seli zilizokufa, akapanga upya zile nzima. Akanionya kwamba itafika Pito, lakini haitarudi mpaka ichajiwe kutwa.

Jumapili iliyopita nikaenda. Ilizimika mlangoni kwa mama. Tukaichomeka, tukakaa. Tulipepeta ulezi, tukala, akanisimulia mambo ya marehemu baba ambayo sijawahi kuyasikia. Mwaka mzima nilikuwa namsalimia huku bodaboda ananipigia honi nje.

Nisalimie Lydia na mwanenu Sharon, na binamu Stanley ukionana naye. Mama anawasalimu wote. Nilimwambia utatafuta betri nyingine, akaniuliza kama skuta itakuwa inarudi siku hiyo hiyo. Nikasema ndiyo, hata saa hiyo hiyo.

Akasema, “Basi mwambie Eustaki asitume.”

Mungu awafunike huko mliko.

Dada yako akupendaye,
Albina