Ngamia Nyuma ya Afisa

Jumatatu, 7 Machi 1966
Garissa. Joto. Jenereta imezima mara mbili, vumbi limeingia kwenye mashine ya picha tena. Usiku ni marufuku kutoka, kwa hiyo sinema ya serikali tunaonyesha saa nane mchana ndani ya ghala, madirisha tumeziba kwa mablanketi. Mimi na kipaza sauti, nasoma maelezo. Nasema kisima kipya, watazamaji wanatazama ngamia. Nasema zahanati, wanauliza ngamia wale ni wa nani. Wamenichosha.

Jumanne, 8 Machi
Filamu ikafika pale afisa anapokunywa chai nje ya ofisi. Karatasi yangu inasema mashifta, wale waasi wa porini, wameiba mifugo, naye afisa anaitafuta kwa bidii. Mjane mmoja wa Balambala, Habiba, ambaye wote humwita Eeddo, yaani shangazi, akasimama mbele ya kitambaa cha sinema. Kivuli chake kikamfunika afisa. Akanyoosha kidole kwenye zizi lililo nyuma kabisa ya picha. Ngamia wawili, shingoni alama ya moto ya ukoo wake, duara na mstari. Ndio aliopotelewa nao Desemba. Wanawe hawana maziwa tangu hapo.

"Wewe soma karatasi yako," akaniambia. "Mimi naona ngamia yangu."

Nikaendelea kusoma. Mpumbavu mimi.

Jumatano, 9 Machi
Mkubwa wangu, aliyepiga picha zile mwenyewe, kafoka asubuhi nzima. Ati ngamia aliwaweka nyuma kupendezesha tu. Ati hadithi ni maneno, picha pambo. Hata kufunga ukanda wa filamu kwenye mashine hajui, ananifundisha mimi! Kaamuru nikate kipande hicho na kukichoma.

Nimekata. Najichukia.

Alhamisi, 10 Machi
Bora nisingekata. Sasa kwenye filamu afisa anainua kikombe, mara watoto wanaruka kamba. Ghala zima likamgeukia Eeddo Habiba. Waliona kilichoondolewa. Wakatoka kabla ya sehemu ya zahanati, mimi nikabaki nasomea magunia.

Kile kipande sikukichoma. Nimempa Eeddo Habiba. Akakiinua juani, akafumba jicho moja, akahesabu. Wawili. Atakwenda na wazee wake kwa mkubwa wa yule afisa. Nimemwomba asinitaje. Naogopa, kazi sina nyingine.

Ijumaa, 18 Machi
Eeddo Habiba kapita baada ya sala, kaniletea kibuyu cha maziwa. Kanitaja? Sikuuliza. Ngamia mmoja amerudishwa. Wa pili walikwisha kumchinja.

Nimeyanywa maziwa nimesimama, kisha nikafuta vumbi kwenye mashine.