Timu Iliyolala Kabla ya Honi

Kaka yangu mpendwa, Ngazi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima na mwenye nafasi ya kukaa chini, maana barua hii si fupi. Habari za kazi? Bado unawafundisha watu udereva huku umejikunja ndani ya kile kigari kama shati kwenye sanduku? Na mgongo unasemaje? Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi. Baba bado anakuja karakana kila siku, hashoni godoro hata moja, anatukosoa tu. Mwanangu, ambaye wewe mjomba wake hujamwona, ameanza kutambaa, ila anatambaa kinyumenyume kama anaegesha lori. Nikimwita aje kwangu ndiyo kwanza anaondoka. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo uvumilie mwandiko, na ukiona mahali mstari umepinda ujue kuna mtu alikuwa anavuta karatasi.

Kaka, nakuandikia kwa jambo moja tu: nataka urudi nyumbani, hata kwa siku moja. Nalisema mapema ili usije ukafika mwisho ukadai nimekuzungukia. Timu yetu imechukua ubingwa. Magodoro, kaka, timu yako, ndiyo bingwa wa ligi ya kulipwa. Nimeliandika polepole ili nilione vizuri.

Siku hizi wachezaji wapya wakisajiliwa wanaletwa kwangu kupimwa jezi, na hapo ndipo nawasimulia historia ya timu, kwa sababu mtu aliyezungushiwa utepe wa kupimia kiunoni hawezi kukimbia. Wewe unaijua kunishinda. Lakini Mama anasema huko ulipo hujamwambia mtu yeyote kama uliwahi kuugusa mpira wa kikapu, basi acha nikukumbushe kama ninavyowakumbusha wao.

Nawaambia timu ilianza nyuma ya karakana, Baba na mafundi wenzake wakisubiri pamba ikauke juani. Pete ya kwanza waliikunja kutokana na ukanda wa chuma uliofunga robota la pamba, na wavu ulikuwa gunia lililotobolewa. Wakaingia kwenye ligi ya viwanda na karakana bila hela ya jezi, ndipo Mama akawakatia kile kitambaa cha magodoro chenye mistari ya buluu na nyeupe. Mechi ya kwanza, dhidi ya watu wa posta, ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Watu wakawauliza kama wamekuja kucheza au kulala, na kama mito wameiacha nyumbani. Walifungwa siku ile, wakafungwa na zilizofuata, na jina la Magodoro likawaganda.

Siku waliposhinda mara ya kwanza, Baba alikuwa amechoka hoi. Honi ilipolia akajitupa chali palepale katikati ya uwanja, akafumba macho. Wenzake wakadhani amekusudia, wakalala mmoja mmoja pembeni yake, mistari imepangana kama vitanda vya bweni. Watu waliokuwa wakiwazomea wakaanza kupiga makofi taratibu, kama wanaogopa kuwaamsha. Tangu hapo Magodoro wakishinda, wanalala. Na sharti ni kwamba wa kwanza kulala awe mtu wa nyumba yetu. Baba alipostaafu, zamu ikawa yako.

Huwa siwaachi pia waondoke bila kusikia habari za matajiri wa kiwanda cha rangi, waliotununua ligi ilipoanza kulipa wachezaji. Walitaka jezi nyekundu tupu. Unakumbuka mashabiki walivyobeba magodoro yao kutoka majumbani, wakayatandika mbele ya mlango wa ukumbi na kugoma kuamka? Yule mama muuza viatu alikuja na la watu wawili, mume wake akiwa bado juu ya godoro anasinzia. Bosi wa rangi alichungulia dirishani, akasema basi, mistari ibaki. Hadi leo ni mistari, na hadi leo ni mimi ninayeishona.

Hapo huwa naishia, kaka. Fainali ile sijawahi kuisimulia kwa mchezaji mpya. Wanaijua, wanaisikia mitaani. Lakini leo lazima niiguse, na naomba usiikunje barua.

Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ulikuwa kwako, unaudunda tu, unangoja muda uishe. Ndipo shabiki wetu mmoja, kwa furaha yake ya mapema, akapuliza honi ya lori aliyokuja nayo. Wewe ukadhani ni honi ya meza ya waamuzi. Ukauweka mpira chini kwa adabu, ukalala. Wenzako wakalala. Na yule kijana wa timu pinzani, aliyekuwa amesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, akauokota mpira, akaenda mpaka chini ya pete, akafunga. Honi ya kweli ikalia mmeshafumba macho. Hakuna timu nyingine duniani ambayo ingeweza kufungwa hivyo.

Najua yaliyofuata. Watoto walikuwa wakijilaza barabarani ukipita. Kinyozi alikuuliza kama uletewe shuka. Na Baba alicheka mezani, siku ileile, ukaacha chakula na kesho yake ukaondoka na begi moja. Nimemuuliza Baba juu ya kicheko kile. Ameniambia alicheka kwa sababu aliona watu wazima wanne wanamwamini mwanawe kiasi cha kulala bila kutazama saa. Anasema angekufafanulia asubuhi, ila asubuhi hukuwepo. Anaomba nikuandikie hivyo hivyo alivyosema, na nimeandika.

Sasa sikia ya juzi. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Kocha wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada, na amewafundisha vijana kutazama saa kuliko kutazama mpira. Tulikuwa mbele kwa pointi moja tena, kaka, moja ileile, na mpira ukawa mikononi mwa mchezaji wetu namba kumi na nne. Mama alijifunika kanga usoni akawa ananiuliza mimi kinachoendelea, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mtoto. Honi ikalia. Hakuna aliyelala. Walisimama wanaitazama saa, wanamtazama mwamuzi, mpaka mwamuzi akauchukua mpira akauweka kwapani na kuwaambia waende kwao, mchezo umekwisha.

Basi tukalia, tukacheka, muuza viatu akambeba kocha kama mzigo wa sokoni. Lakini hata baada ya kikombe hawakulala. Kipara, yule aliyekuwa amelala karibu nawe siku ile, sasa ndiye nahodha. Alipoulizwa na watu wa redio akajibu kwamba Magodoro hawajalala tangu Ngazi aondoke, wala hawatalala, kwa sababu hakuna wa kuwatangulia. Wakamwuliza mbona mzee yupo. Baba akajibu mwenyewe kutoka jukwaani kwamba yeye akilala pale chini watahitaji winchi kumwinua.

Kwa hiyo ushindi upo, ila bado haujalaliwa. Wamekubaliana kwamba Jumamosi ya kufungua msimu mpya, kabla ya mechi, watakuja uwanjani na jezi zao wakungoje wewe.

Na sasa, kaka yangu, kuna neno ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu mwanzo wa barua. Kwenye barua ya harusi yangu nilikuandikia kwamba mume wangu anapeleka magodoro madukani kwa lori. Ni kweli, ndiyo kazi aliyoanza nayo hapa. Sikukuambia alikotoka. Wiki ile ulipoondoka, kijana mmoja mrefu alikuja karakana akakuulizia. Alisema amekuja kukuomba radhi, kwamba alipoona mmelala alifikiri ni mtego, akaenda kufunga huku akitazama nyuma, na tangu siku hiyo hata timu yake mwenyewe inamwita Mwizi wa Usiku, kwa kuwa aliiba watu wakiwa usingizini. Nilimfukuza na mkasi mkononi. Akarudi kununua godoro. Wiki iliyofuata akaja kununua jingine. Alipokuja kununua la tatu nikamuuliza analala kwenye mangapi. Akasema halali kabisa, ndiyo shida yake.

Ndiye huyo, kaka. Mwizi wa Usiku ndiye shemeji yako, ndiye baba wa mwanangu, na ndiye namba kumi na nne. Kocha alimwona akipakia mzigo na kurusha mito ndani ya lori bila kukosa, akamsajili palepale. Baba na Mama walijua tangu mwanzo. Walisema tusubiri upoe kwanza, nami nilikubali kwa sababu niliogopa ukisikia hutarudi tena. Sasa naogopa zaidi kukupata kwa hila. Nakutaka uje ukiwa unajua yote.

Yeye anasema ukimpiga kofi atasimama apokee, na ukimkumbatia atapokea pia, ila usimpite kama nguzo. Amekataa kuvaa medali yake. Nimeitundika kwenye mashine ya kushonea, na mtoto ameshaing'ata pembeni.

Jezi yako nimeishona upya, nimeongeza upana kidogo tumboni kwa kukisia. Ukikasirika, kasirika, ila kasirikia hapa nyumbani, tukuone. Na kama Jumamosi hiyo haitawezekana, usihangaike kutafuta la kusema. Andika tu nyumba yako iko upande gani wa barabara, sisi tutapanda basi tuje, mimi na mtoto na huyo mwizi wako, naye Kipara ameapa kwamba timu nzima itapanda nyuma yetu. Tafuta tu sakafu ya kututosha, maana ushindi huu ni lazima ulaliwe, na mahali si hoja.

Mama anakusalimu na kuuliza kama unakula. Baba anakusalimu, anasema viatu vyako vya kuchezea havijaguswa na mtu. Kipara na wenzake wanakusalimu. Shemeji yako amesimama mlangoni tangu nianze kuandika, anauliza nimefika wapi, naye anakusalimu kwa woga. Mtoto amelala.

Nakungoja kwa moyo mweupe,

Mdogo wako akupendaye,
Mshona jezi wa Magodoro