Anayekaa Kiti cha Kushoto

Nchelenge, Oktoba 1957

Mama Mshauri,

Neno hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri, nami naomba unisaidie kabla halijaharibu maisha ya mwingine. Mimi ni msichana wa Standadi ya Sita, na mjomba wangu Bwembya ana gari la kubebea samaki, na mwezi wa tano mwenzake wa biashara, Zacharia, alifia katika kiti cha kushoto wakimpeleka hospitali, na baada ya mazishi springi za mbele zikakatika, mjomba akanunua mpya, zile za mviringo ambazo shokamzoba hukaa katikati yake. Yeye hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea kitabu cha gari huku akibana springi kwa minyororo, mpaka zikabaki pete mbili za mpira za kuinulia springi, na ukurasa wake ulikuwa umenatana kwa unyevu. Akaniuliza, "Mutoto, kitabu kinasema nini?" Niliona haya kusema sijui, nikajibu, "Zote mbili kulia, upande wa dereva."

Tangu siku ile gari limelala kushoto kama kwamba mtu mzito ameketi, na kwenye mashimo linatoa pumzi ndefu upande ule. Wauza samaki hawakai tena kiti kile. Mjomba hufanya mzaha, "Zacharia, songea kiloko, unatulemea," lakini nimemwona akimfungulia mlango. Sasa Goodson, mdogo wa marehemu, anasema, "Bibi yake hajasafishwa, ndiyo maana mutu wetu hashuki," na wazee wameamua kwamba Krismasi ikipita mjane, Dorica, aolewe na Goodson, kama mila ya kusafisha mjane inavyotaka, ili kifo kiondoke, naye hataki, anakuja kwetu kulia.

Juzi niliufungua ukurasa kwa mvuke wa sufuria: pete moja kila upande. Lakini Mama, jana gari lilikuwa limezimwa, halina mtu, nami nikaisikia pumzi ile. Nikisema ni mpira tu, si nitakuwa nimedanganya mara ya pili?

Binti yangu,

Pole. Aibu ya kusema "sijui" huwapata sana watoto wenye akili. Lakini kuhusu pumzi, mimi sikuwapo, sijui ulisikia nini, na wewe pia hujui, sema hivyohivyo. Unachokijua ni pete ziko wapi na nani alizipeleka huko. Unamwacha mwanamke aolewe kwa nguvu kwa ukurasa ambao hukuusoma, halafu unaniuliza habari za uongo wa pili? Ule wa kwanza bado unafanya kazi kila gari linapopita. Usimwambie mjomba faraghani, maana atakuhurumia na kutengeneza kimya kimya, na wazee watasema marehemu ameshuka kwa sababu ya uamuzi wao. Sema mbele yao wote, kitabu mkononi, gari likiwa bado limelala, na mwalimu wako asimame nawe. Fanya wiki hii.

Msichana huyo ametuandikia tena:

Mama Mshauri, Jumamosi nilisoma ukurasa mbele yao, Kiingereza kwanza, kisha Kibemba. Mjomba hakunitazama. Aliinua gari, akahamisha pete moja, nalo likasimama sawa. Goodson alilizunguka mara mbili, akauliza, "Basi tulikuwa tunamufungulia nani mulango?" Wazee walimruhusu Dorica arudi kwao Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Nilimbebea mikeka mpaka kwenye mtumbwi, kisha nikarudi kuosha spana za mjomba kwa mafuta ya taa.