Nzito ya Mwisho Kabisa

Mtaa wa Bustani 14,
Radoviš.
24 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Dančo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na Elica anakula vizuri sasa kwa kuwa kichefuchefu kimemwachia. Mwambie wifi yangu asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Sisi hapa ni wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini ni moshi wa pilipili tu. Tukimwambia aende hospitali anasema ataenda pilipili zikiisha. Ziliisha wiki iliyopita, sasa anasema anangoja tumalize kabichi.

Mwaka huu pilipili zilikubali kweli. Ua mzima ulinuka ajvar, rojo letu la pilipili za kuchoma, kwa siku kadhaa, hata majirani waliotununia tangu ugomvi wa ule ukuta walipita kuuliza hali. Mama alikaa mbele ya sufuria kutwa nzima akikoroga, na mtu akijaribu kumpokea mwiko alimtazama kama mwizi. Chupa zenu zimo ndani ya boksi hili, zimeviringishwa magazeti. Dereva wa basi ni yule yule wa siku zote. Usimruhusu akwambie moja ilivunjika njiani, maana tulizihesabu mbele yake.

Asante kwa kutuonyesha jiko lenu kwenye simu. Vigae vimekaa sawasawa, ndiyo faida ya Elica kuolewa na fundi. Mama aliuliza kama ni wewe uliyeviweka, ukajibu kwa fahari kwamba ndiyo, kimoja kimoja, na nyumba sasa ni yenu. Simu ilipokatika alikwenda kuwapa kuku maji ambayo walikuwa wameshapewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unanikatiza. Barua itabidi uisome mpaka mwisho.

Ni kile kisanduku chako cha sauti za gitaa. Ulipokuwa unaondoka kwenda Ulm, huko Ujerumani, uliniachia gitaa, kisanduku chenyewe na kiti chako kwenye bendi ya Mjomba Trajče, ukasema, "Rodna, nishikilie tu mpaka theluji iyeyuke, nitarudi. Na sauti zangu usifute hata moja." Theluji imeyeyuka mara tatu, na mimi sikufuta hata moja.

Unakijua kilivyo. Kinaiga amplifaya za kila namna, na kila sauti unayoipanga kinakuwekea kwenye nafasi yake mpaka utakapoiita kwa mguu. Lakini nafasi zina mwisho, na wewe ulizijaza zote pomoni. Nikitunga sauti yangu na kutaka kuihifadhi, kinaniambia hapana nafasi. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikipiga kwa sauti zako, zilizopimwa kwa mkono wako mzito. Mjomba aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba napiga kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Nilicheka na wengine, lakini neno lile lilinikaa.

Basi kiangazi nikaanza kusafisha, na nilianza na zile za kiwandani kwa sababu hazina ndugu wa kuzililia. Zina majina ya kutisha kweli: Radi ya Shetani, Meno ya Barafu. Niambie, nani wa Radoviš atacheza harusi yake kwa Meno ya Barafu? Nikazifuta zote, nikajisifu. Kisha nikakubali kisanduku kijisasishe, maana kilikuwa kimenibembeleza wiki nzima. Kilipowaka tena, zote zilikuwa zimerudi kama wageni waliosahau mwavuli. Nusura nikitupe kisimani.

Halafu ikaja ile harusi ya Agosti kijijini Injevo, ambayo najua umeshasimuliwa na watu wasio na simile. Nikusimulie mimi mwenyewe. Asubuhi ya harusi, kwa hasira tu, niliifuta Radi ya Shetani peke yake. Sikujua kwamba ukifuta moja, zote zilizo chini yake zinasogea juu kuziba pengo. Na mimi unanijua, sisomi majina kwenye skrini nikiwa jukwaani. Mguu wangu unajua swichi ilipo, basi.

Ikafika saa ya ile ngoma nzito. Babu wa bwana harusi akashika mbele ya mstari wa wachezaji, kitambaa mkononi, watu wakanyamaza. Unajua inavyokwenda: klarineti ya Mjomba inalia peke yake, mzee ananyanyua mguu taratibu, na gitaa ndilo linalompa ruhusa ya kuushusha. Nikakanyaga swichi. Ukatoka mlio wa ajabu, mwangwi juu ya mwangwi, kama paka kaangukia kisimani. Mjomba akaivuta noti yake mpaka uso ukawa mwekundu, ili kuniokoa. Mzee kabaki na mguu hewani. Akanigeukia akasema, mbele ya ukumbi mzima, "Binti, niushushe au niendelee kusubiri?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Orce akagonga kinanda chake akasema, "Mimi gitaa ninalo hapa hapa kidoleni. Halina waya, halina swichi, halina kaka Ujerumani." Unamjua Orce, anatania huku anakata. Kinanda chake kinapiga kila kitu, na kwa miaka anamwambia Mjomba kwamba gitaa ni mzigo tu garini.

Mjomba hakunitetea. Alikuja kesho yake kunywa kahawa, akasubiri Mama aende jikoni, akaniambia, "Rodna, sikiliza. Mimi sikukuu ya Mitrovden, mwezi wa kumi na moja, napanga bendi ya mwaka ujao. Hilo sanduku ni lako au la Dančo? Kama lako, lisafishe. Kama lake, mpelekee, mimi nitabaki na kinanda cha yule mpuuzi Orce."

Niliumia, kaka. Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Nakipenda kiti hiki. Sikuwahi kukwambia kwa sababu kilikuwa chako, na kukipenda kulionekana kama kukuombea usirudi. Lakini nakipenda, na ningekipoteza kwa kukutunzia nafasi ambayo hutaki kuikalia.

Basi wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilikaa na kisanduku kwenye meza ya jikoni. Nilivaa hedfoni ili Baba asikilize redio yake kwa amani, na Mama upande wa pili anabandika karatasi kwenye chupa. Nikazipitia sauti zako zote, moja baada ya nyingine. Dančo, wewe una wazimu. Kulikuwa na Nzito, ile ya ngoma nzito. Ikafuata Nzito mpya, halafu Nzito mpya kweli, halafu Nzito ya mwisho. Halafu Nzito ya mwisho kabisa, na baada yake, usikatae, Nzito ya mwisho kabisa 2. Nilizisikiliza mpaka masikio yakapata moto na sikuona tofauti. Nilimvalisha Baba hedfoni naye asikilize. Akasema, "Huyu ni mbu mmoja, kabadilisha chupa tu."

Na mwishoni kabisa kulikuwa na ile uliyoiandika kwa herufi kubwa, USIGUSE. Miaka yote hii sijaigusa. Hata nikipangusa vumbi nilikuwa na adabu nayo. Siku hiyo nikaiita kwa mguu, nikapiga. Kimya. Nikakagua kebo, nikakagua gitaa. Kimya. Kumbe uliihifadhi huku umeshusha sauti mpaka mwisho. Ulihifadhi ukimya, ukaniachia niulinde.

Nilikasirika, kisha nikaanza kucheka peke yangu mpaka Mama akaniuliza, "We, una nini?" Nikamweleza. Yeye hakucheka. Akasema tu, "Ndivyo alivyo," akaendelea na chupa zake.

Hapo ndipo nilipoamua. Sikukuomba ruhusa, maana najua ungesema "narudi," na ungelisema kwa moyo safi kabisa kama ulivyolisema kila mwaka. Lakini mtu hapangi vigae vya jikoni kimoja kimoja mahali anapopita njia. Nami sikulaumu hata kidogo. Una mke mzuri, una mtoto njiani, una nyumba. Furahi nayo bila kutuficha.

Usiogope, sikuzitupa. Nilinakili sauti zako zote kwenye flashi, mpaka ule ukimya wako. Flashi iko ndani ya soksi ya kijivu, katikati ya chupa mbili za ajvar. Visanduku kama hiki hata huko vipo. Nunua kimoja, uziingize, umpigie mtoto Nzito ya mwisho kabisa 2 mpaka alale.

Kisha nikafuta. Kila unapofuta kinakuuliza kwanza kama una uhakika, na kila mara inabidi ubonyeze ndiyo. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito. Nilipofika kwenye Nzito ya kwanza kabisa, ile uliyoipanga tukiwa wote kwenye ghala la tumbaku na Baba anapiga kelele tupunguze, nililia kidogo. Kisha nikabonyeza ndiyo.

Safari hii nilikuwa na akili. Nilipomaliza, nilipanga upya kila kitu kuanzia swichi ya kwanza, nikazijaribu swichi moja moja kwa mguu nikiwa nimefumba macho. Zangu ni chache. Ile ya ngoma nzito ni laini kuliko yako, inatetemeka kidogo mwishoni. Nimeipa jina langu ili nisipotee.

Jumapili tulifanya mazoezi. Nikaipiga. Mjomba alichukua klarineti akaingia juu yangu, na unajua kwamba kwake hiyo ndiyo sifa. Tulipomaliza, Orce akasema, "Haya, leo kinanda kimeona wivu." Na Mjomba wakati wa kuaga akanishika bega: "Mitrovden uje na gitaa. Na sanduku lako." Nilitembea mpaka nyumbani bila kufunga koti, wala sikuhisi baridi.

Imebaki habari moja tu, nayo ndiyo ngumu kuandika. Leo asubuhi nilikuwa nafunga hili boksi. Sikuwa nimemwambia Mama habari za flashi, niliogopa ataona nakutoa nyumbani. Alisimama akanitazama nikiiweka ndani ya soksi. Akauliza ni nini, nikamwambia ukweli, kwamba ni sauti zote za Dančo, namrudishia. Nikangoja anigombeze.

Akatoka. Nikasikia hatua zake kwenye korido. Aliporudi alikuwa ameshika ndala zako za sufu, zile zinazokaa kando ya mlango tangu ulipoondoka, ambazo hata padri alipokuja na miguu yake imeloa aliambiwa hizo hapana, hizo zina mwenyewe. Alikuwa amezikung'uta. Akazilaza juu ya chupa, soli kwa soli.

Nikamuuliza, "Mama, una uhakika?"

Akasema, "Funga boksi. Kwake sakafu ni ya vigae, ni baridi."

Basi zivae, kaka. Ukija Agosti na Elica na mtoto, utapewa ndala za wageni kama watu wote, na utakula mpaka uombe msamaha. Na kwenye harusi ya kwanza itakayotokea utashika mstari mbele ya watu, kitambaa mkononi, mimi nikiwa kwenye kiti changu. Nyanyua mguu bila wasiwasi. Safari hii hautabaki hewani.

Baba anakusalimu na kikohozi chake. Mjomba Trajče anakusalimu, na Orce pia, ingawa alisema nisiandike. Nisalimie sana Elica, na umwekee mkono tumboni kwa niaba ya shangazi. Mungu awalinde nyote watatu, awape usingizi mzuri na majira ya baridi mafupi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuchokoza daima,

Rodna